Ukimya Kabla ya Habari

Lucknow, 9 Februari 1986

Kaka yangu Qaisar,

Pokea salamu zangu za adabu, na dua za Mama. Sisi wazima, kwa maana ya kwamba tunaamka. Baridi ya mwaka huu imemkalia Mama magotini lakini haijamfika ulimini. Jana kamwambia mwuza maziwa kwamba maji anayotuletea siku hizi yana maziwa kidogo. Picha za harusi ya binti yako zimefika. Mama anasema bwana harusi ana masikio ya mtu mwema, na anauliza mbona wewe umekonda.

Barua yako ya rambirambi ilikaa njiani wiki nyingi, na bahasha ilikuwa imefunguliwa ikafungwa tena kwa gundi mbaya. Hao wanaotusomea barua mpakani natumaini nao walitia ubani.

Uliuliza mdogo wetu alikufaje. Zamin alikufa kwa moyo. Ilikuwa alasiri, mwezi wa Safar, sebuleni. Hakuteseka. Tuishie hapo.

Nina jambo la kukuuliza wewe fundi, si wewe kaka. Amplifaya ya Zamin, ile ya Kiingereza yenye taa za kioo, inavuma, tangu mwaka juzi kidogokidogo na sasa imezidi. Ni mvumo mzito, kama mtu anayeguna kwenye chumba kilichofungwa. Redio imeunganishwa nayo, na Mama bado anakaa mbele yake kila saa kumi alasiri ya kwetu kusikiliza Karachi. Unajua anachosikiliza, si habari. Ulipoajiriwa stesheni ya redio huko ulimwandikia: "Mama, kabla msomaji hajasema kitu pana ukimya wa pumzi moja. Mimi ndiye ninayefungua laini ya kipaza sauti. Ukimya ule ni wangu." Basi tangu mwaka ule hajaukosa. Sasa mvumo umeufunika. Anasema, "Qaisar anaongea na mimi, lakini kuna mtu amesimama mbele yake."

Amefika miaka themanini na minne, na hawakupi viza. Nataka akusikie vizuri kabla hajaondoka. Niambie cha kufanya. Mambo ya mashine yaandike kwenye karatasi ya pembeni, maana barua zako lazima nimsomee kwa sauti, na akisikia nimeruka mstari ananirudisha.

Stesheni hawajambo?

Dada yako,
Nuzhat

*

Karachi, 20 Machi 1986

Kwa Mwalimu Mkuu Nuzhat, mwenye fimbo,

Wa alaykum salaam, na mikono ya Mama naibusu. Mwambie sijakonda, ni mpiga picha aliyeninyima haki. Mkwe wetu ni kijana mtulivu, anakula kama mgonjwa na kucheka kama mwizi. Huku joto limeanza mapema. Mimi niko nyumbani sana siku hizi, namwagilia maua na kugombana na wifi yako kuhusu chumvi.

(Karatasi ya pembeni.)

Mvumo wa amplifaya ni kama homa: wenyewe si ugonjwa, ni habari ya ugonjwa. Tuanze na maswali. Punguza sauti mpaka mwisho kabisa. Mvumo unapungua au unabaki? Ukipungua, ubaya unaingia na waya wa redio, ni kazi ya dakika chache. Ukibaki, ubaya uko tumboni. Pili, unatoka spika moja au zote mbili? Tatu, chomoa plagi, igeuze, irudishe; pengine mvumo ni ubishi wa nyaya tu. Usifungue kitu chochote. Majibu ukiyapata mwite Puttan. Kijana yule alijifunza kwa Zamin, mkono wake msafi.

Na sasa swali langu. Zamin hakuwahi kulalamika moyo. Alipanda ngazi za jumba la Imambara akiwa amebeba watoto wa watu. Alikuwa anafanya nini sebuleni alasiri ile?

Qaisar

*

Lucknow, 27 Aprili 1986

Kaka,

Adabu zangu. Mama amekula vizuri wiki hii, hata kebabu mbili, kwa sharti nisimwangalie. Paa la chumba cha nyuma limebonyea. Mvua zikija tutahama na vitanda. Mpwa wa jirani amefaulu mtihani na mtaa mzima umekula peremende, pamoja na waliokuwa wakimwombea afeli.

Majibu yako haya. Sauti nimeipunguza mpaka mwisho, mvumo uko palepale. Unatoka spika zote mbili. Plagi nimeigeuza, na mvumo haukujali.

Puttan alikuja. Alifika mlangoni, akauliza, "Ni mashine ileile, dada?" Nikamwambia ndiyo. Akasema amesahau bisibisi. Tangu lini fundi akasahau bisibisi halafu akarudi kwao bila kunywa chai? Nimetuma watu mara mbili, anasema mke wake mgonjwa. Hana mke.

Mimi siamini mizimu. Nimefundisha jiografia miaka thelathini. Lakini nitakwambia mambo yalivyo. Mama anasema anayeguna ni Zamin, kakasirika kwa kuwa hajapewa chai. Saa kumi anaweka kikombe juu ya mashine, mimi nakiondoa. Nikiizima, mvumo unanifuata jikoni. Juzi nilikuwa nakanda unga nikagundua kwamba ninayeguna ni mimi, kwa sauti ileile. Niliogopa, Kaka, nikaketi sakafuni na mikono yangu ya unga.

Kuhusu swali lako la mwisho, nimeshajibu. Stesheni hujaniambia habari zake.

Nuzhat

*

Karachi, 2 Juni 1986

Nuzhat,

Salaam kwenu. Wote hapa wazima. Msomee Mama kwamba tumenunua pazia za kijani na kwamba namkumbuka. Hiyo inatosha kwa barua.

(Karatasi ya pembeni.)

Puttan alikulia uani kwetu. Aliwahi kutengeneza redio ya marehemu huku marehemu mwenyewe amelazwa chumba cha pili, na akala wali wa matanga. Yule haogopi mizimu. Fundi anaogopa kitu kimoja tu, mashine iliyoua. Kwa hiyo usiniandikie tena neno moyo. Zamin alikufa mikononi mwa mashine. Alikuwa ameifungua atoe mvumo.

Sasa nikwambie kwa nini silali. Ndani ya amplifaya ya aina ile mna makopo mawili ya bati, kila moja kama kopo la poda. Yanahifadhi umeme. Hata ukichomoa plagi yanabaki nao, saa nyingi, yamenyamaza kama nyoka kwenye kuni. Fundi huyamwaga kwanza. Zamin alijua. Lakini miaka mingi iliyopita mimi mwenyewe nilimwambia: "Kazi ya ndani ifanye Muharram na Safar. Kwetu Mashia muziki unanyamaza na mashine inafunikwa kitambaa cheusi tangu mwezi wa Muharram unapoandama mpaka tarehe nane ya Mfungo Sita, hakuna anayeigusa. Ikikaa wiki kadhaa imekauka kama mtungi." Tulicheka, kwamba maombolezo yetu yana faida hata kwa mafundi. Safar ilikuwa imeshaingia. Angepaswa kuikuta tupu.

Haikuwa tupu. Ama mimi nilisema uongo kuhusu makopo yale, na nimemwua mdogo wangu kwa mdomo wangu, ama mtu aliiwasha. Niambie. Ilikuwa imewashwa?

Wewe usiiguse. Mwuzie mnunua vyuma, kwa kilo.

Qaisar

*

Lucknow, 6 Julai 1986

Kaka Qaisar,

Adabu. Mvua zimefika na paa limeanguka kama lilivyoahidi, hakuna aliyeumia isipokuwa sanduku la vitabu vyangu. Mama amelala siku tatu na homa, sasa ameketi na anadai tambuu.

Mashine siiuzi. Katika ile homa aliniomba nimpeleke mbele yake. Nikambeba, amekuwa mwepesi kama nguo zilizokauka. Saa kumi ikafika, mvumo ukasimama pale mbele yake kama askari, na Mama akalia. Hakulia alipomzika Zamin, unajua alivyo. Alisema, "Mmoja amekwenda na wa pili simsikii. Basi mimi nina watoto wa nini?" Nami niko pale nimemshika miguu! Lakini ndivyo walivyo wenye watoto wa mbali. Aliye karibu ni kama dari.

Kwa hiyo sikiliza. Puttan haji. Nimekwenda kwa mafundi wawili wengine, habari imeshatembea. Puttan kanisaidia kitu kimoja, maskini: kaniachia makopo mawili mapya kwa mwuza tambuu, yamefungwa kwenye gazeti, hakutaka hata kunitazama. Nitayabadili mimi. Chuma cha kulehemu cha Zamin kipo, na nimelehemu mabirika ya shule zamani zile. Ama unifundishe namna ya kuyamwaga umeme hayo ya zamani, ama nifungue na kisu cha vitunguu nikijiombea. Chagua.

Swali lako nimelisoma. Silijibu.

Nuzhat

*

Karachi, 25 Julai 1986

Nuzhat, dada yangu wa pekee,

Barua yako imekuja upesi kuliko zote, na ningependa ingepotea. Mwambie Mama homa ni za watoto, aache utoto.

(Karatasi ya pembeni. Isome mara tatu, halafu mara ya nne.)

Chomoa plagi alfajiri na uiweke mahali unapoiona kwa macho, si nyuma ya kiti. Usifungue kabla ya adhuhuri. Vaa viatu vya mpira. Vua bangili, zote, hata ile ya bibi. Mkono wa kushoto uweke mgongoni na uusahau. Kazi yote ni ya mkono wa kulia. Umeme ukiingia mkono mmoja na kutokea mwingine unapita kifuani. Ukikosa njia ya pili unakuchapa tu, unatukana, unaendelea kuishi.

Chukua balbu ya kawaida yenye nyaya mbili. Waya mmoja ubane kwenye bati la mashine. Wa pili ufunge kwenye kijiti kikavu, na kwa kijiti hicho gusa mguu wa kila kopo, hesabu polepole mpaka thelathini. Rudia. Rudia tena. Zamin aliiruka hatua hii kwa sababu aliniamini. Wewe usimwamini mtu, hata mimi.

Ndipo ukate, ulehemu, kila waya ukirudi ulipotoka. Alama ya kutoa ya kopo jipya ikae ilipokuwa ya zamani. Ukiwasha mara ya kwanza simama mlangoni.

Nimeshamshauri mtu mmoja tayari. Nijibu siku hiyohiyo. Neno moja tu, "mzima."

Qaisar

*

Karachi, 8 Septemba 1986

Nuzhat,

Mwezi wa Muharram umeandama. Tumefunika redio. Sina barua yako. Nimetuma simu ya maandishi mara mbili, hakuna jibu. Wifi yako anasema ni posta. Kila asubuhi mtu wa posta anapinda kona nami nimeshasimama getini, na ameanza kunionea huruma, kitu ambacho sikukiomba.

Nimeota uko sebuleni umekaa, mkono wa kushoto mgongoni, na sikuweza kukuona uso.

Neno moja, Nuzhat.

Qaisar

*

Lucknow, 14 Septemba 1986

Kaka yangu,

Mzima. Nisamehe. Kazi niliifanya mapema Agosti. Simu zako nimezipata, barua nimeianza mara nyingi na kuichana. Mama yuko hai. Mengine yote ni karatasi ya pembeni. Leo hii sitamsomea kitu.

Nilifanya kila ulichosema. Plagi niliiweka juu ya msala, mbele ya macho yangu. Adhuhuri nikafungua. Ndani kulikuwa kusafi, Zamin alikuwa ameshapangusa vumbi. Nikagusa kwa kijiti, na balbu ikawaka. Mara moja, kama mtu aliyefumbua jicho na kufumba. Nikakaa hivyo, mkono mgongoni, nikajua hicho ndicho alichokutana nacho. Nilimwita jina. Halafu nikarudia kama ulivyosema, mpaka balbu haikuwaka tena.

Nilipowasha, Kaka, hapakuwa na kitu. Niliona taa zinang'aa nikadhani nimeiua. Nikageuza redio, na ikaja Karachi, safi, mpaka unasikia msomaji anameza mate. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikamleta Mama.

Saa kumi. Mlio wa saa, kisha ukimya. Mama aliinua mkono nisipumue. Msomaji akaanza. Mama akashusha mkono, akanitazama, akasema, "Huyu si Qaisar."

Nikamwambia, "Ni yeye, Mama, nani mwingine?" Akasema, "Huyu ana haraka. Anafungua mlango kabla hajafika. Qaisar kafa, na nyinyi mmenificha. Zamin mliniambia moyo. Huyu mtaniambia nini?" Tangu siku ile amevaa nyeusi, kabla ya Muharram. Barua zako anasema naziandika mimi. Juzi kaniomba nirudishe makopo ya zamani: "Ndani ya mvumo sikuwa najua."

Sasa nitajibu swali lako, maana naona kunyamaza hakumsaidii yeyote. Ndiyo, ilikuwa imewashwa. Mama aliiwasha. Redio yake ndogo, ile anayotumia Muharram, iliharibika. Siku ile Zamin alikuwa kwenye majlisi ya maombolezo na mimi sokoni. Kwake ukimya si muziki, basi hakuona kosa. Akafunua kitambaa, akasikiliza, akazima, akafunika kama alivyokuta. Kesho yake, maiti imeshatoka, aliniambia: "Jana Qaisar kazungumza, lakini kulikuwa na mvumo." Hajui. Hataki kujua na hatajua, nikiwa hai. Zamin alirudi akaikuta imefunikwa, akaamini kitambaa.

Kwa hiyo si wewe. Kuhusu makopo ulisema kweli. Nilikuacha uamini ni wewe miezi yote hii ili nimlinde Mama, na sioni namna nyingine ningefanya.

Nijibu hili tu. Nani anafungua laini?

Nuzhat

*

Karachi, 3 Oktoba 1986

Nuzhat,

Alhamdulillahi uko hai. Nimeisoma barua yako getini, nikaingia ndani, nikalala kitandani na viatu.

Nilistaafu. Huu mwaka wa tatu. Anayefungua ni kijana anaitwa Ghazanfar, ana haraka kweli, ana watoto wadogo. Sikumwambia Mama, kwa sababu aliwahi kuandika, kwa mkono wako, kwamba akishanisikia saa kumi ndipo anapomaliza siku. Nikasema nitamwambia mwakani. Kila mwaka una mwakani wake.

Kwa hiyo siku ile alipofunua kitambaa anisikie, mimi nilikuwa hapa namwagilia maua. Ndugu yetu kafa kwa ajili ya ukimya wa Ghazanfar. Unaniambia si mimi. Sijui ni nani basi.

Siwezi kufika Lucknow, wamenikataa tena. Lakini nimekwenda stesheni. Nimemwomba Ghazanfar, na amekubali, kama mtoto anayemstahi mzee aliyechanganyikiwa. Nitakaa kwenye meza ile siku moja. Barua ikae njiani itakavyo, nimechagua siku ambayo sisi wa nyumba ile hatujawahi kuikosa: tarehe nane ya Mfungo Sita, siku ya kuvua nyeusi. Saa kumi. Mweke Mama mbele ya mashine, na usirudishe mvumo. Nitamfungulia mwenyewe.

Qaisar

*

Lucknow, Jumatano asubuhi, 12 Novemba 1986

Qaisar,

Salamu sina. Barua yako ilifika kwa wakati, na heri ingechelewa.

Jana tumevua nyeusi. Nilimwambia Mama, "Leo ni yeye, kaapa." Alikataa, akakubali. Alioga. Alivaa ile shali ya kijivu, akaomba wanja, mwanamke wa miaka themanini na minne, akasema wewe usimwone mama yako kama magofu. Saa kumi aliinua mkono.

Ghazanfar! Yuleyule, mbiombio, mlango kabla ya hatua! Mama alishusha mkono akasema, "Si yeye." Hakulia. Alifuta wanja kwa ncha ya shali, akaniambia, "Nuzhat, wewe ni mtoto mzuri, lakini usinifanyie tena hivi."

Mimi nilifungua mashine iliyomwua ndugu yangu. Wewe ulichoahidi ni kukaa kwenye kiti. Sijui kama ulisahau au uliona haya mbele ya vijana wa ofisini, na sitaki kujua. Leo alfajiri nimekata plagi kwa mkasi wa jikoni na kuifunika mashine. Naipeleka barua hii posta sasa hivi kabla moyo haujapoa.

Nuzhat

*

Karachi, 13 Novemba 1986

Nuzhat, Mama,

Nimefanya! Msomee Mama yote, hakuna karatasi ya pembeni.

Jana, Jumatano, tulivua nyeusi. Huku mwezi ulijificha kwenye mawingu, ukaonekana Jumanne, basi nane yetu ikawa jana. Nilivaa koti la kazini. Ghazanfar alinipisha kiti akasimama nyuma yangu. Mlio wa saa ukapita. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi, nikafungua, nikampa msomaji ishara asubiri. Mama, niliushika. Si pumzi moja, pumzi mbili kamili. Msomaji alinitazama kana kwamba nimekufa pale kwenye kiti. Sikujali. Nilikuona umekaa.

Niambieni alisema nini.

Qaisar

*

Lucknow, 21 Desemba 1986

Kaka yangu,

Pokea adabu zangu, zote nilizokunyima mwezi uliopita. Kwa sasa utakuwa umeipata ile barua yangu ya hasira. Ichome.

Lucknow mwezi ulionekana Jumatatu. Nane yetu ilikuwa Jumanne. Sisi wawili tuliozaliwa chini ya paa moja, tukaoneshwa mwezi kwa kidole kimoja cha baba, hatukufikiria hata mara moja kwamba sasa tuna miezi miwili. Nimefundisha jiografia miaka thelathini, na sikufikiria. Nimecheka hilo, halafu nimelia.

Mama hajambo. Anakula. Nyeusi kavua na hajairudia. Barua yako nimemsomea yote kama ulivyoagiza, akatikisa kichwa kama mtu anayesomewa gazeti la jana. Sasa nikwambie kwa nini, na usiniulize maana yake, kwa sababu sina.

Jumatano ile nilirudi alasiri kutoka posta na sokoni, nikamkuta ameketi mbele ya mashine iliyofunikwa. Nilikuwa bado nimekasirika. Nikamwambia, "Mama, njoo jikoni kwenye moto. Hiyo nimeiua." Akasema, "Keti." Nikaketi, kwa uchovu tu. Saa kumi, akainua mkono.

Nyumba ilikuwa kimya. Nilingoja aushushe. Hakuushusha. Nilivuta pumzi, nikaitoa, nikavuta nyingine, mkono bado uko juu, hautetemeki, na mkono wake hutetemeka hata akishika kijiko. Kisha akaushusha mapajani, akasema, "Amekonda, lakini ndiye."

Akaomba tambuu. Tangu hapo saa kumi inapita naye yuko uani anagombana na mwuza maziwa. Hajauliza mashine tena.

Nilidhani akili yake imeondoka na wewe nikakuficha. Halafu barua yako ikaja, na siku uliyoitaja ni ile, na pumzi ulizozishika ni zile.

Kaka, mashine haikuwa na umeme. Plagi ilikuwa mfukoni mwa sweta yangu, nimeifumbata.

Dada yako,
Nuzhat